Mkono wa Gauni Namba Nane

Lori lilikuwa limeshavuka daraja la pili na dereva bado hajui anakokwenda. Kila aliposimama kuulizia kiwanda cha kushona sare, watu walimtazama kana kwamba ameulizia njia ya kwenda mbinguni. Mwishowe mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka la dawa aliegemea ufagio wake na kuwaonea huruma. "Si mseme tu mnakwenda kwa Mama Nusu," alisema, akawaonyesha njia kwa kidevu.

Mkalimani alikuwa amekaa katikati, dereva upande mmoja, fundi wa mashine upande wa pili. Mji ule hakuwahi kuukanyaga. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyezunguka nchi nyingi mpaka mkoba wake ukasahau umbo lake la awali, na kila alikopita aliokota lugha kama wengine wanavyookota mafua. Aliishi kwa ulimi: mtu husema huku, yeye husema kule, kisha hulipwa na kuondoka. Safari hii alikuwa anamsemea fundi, bwana mwembamba kutoka mbali, asiyejua hata "asante" ya watu wale, aliyepakata sanduku lake la vifaa kama mama anayempeleka kliniki mtoto wa kwanza. Nyuma yao, ndani ya makasha ya mbao, kulikuwa na mashine mpya ya kukatia vitambaa.

Kiwanda chenyewe, walipofika, kilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba ya familia. Juu kulikuwa na mapazia na kelele za sufuria. Chini, cherehani za safu mbili, pasi za moto, meza ndefu ya kukatia, na vipande vya uzi vilivyojinatisha kwenye soksi za kila aliyeingia. Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia kadibodi za kukatia magauni ya wauguzi, kuanzia namba moja mpaka namba nane, kama ukoo uliojipanga kupigwa picha. Pembeni palikuwa na kompyuta iliyovikwa kifuniko cha mabaki ya kitambaa cha wauguzi, chenye mfuko wa kuwekea miwani.

Mwenye miwani ndiye aliyewapokea. Alikuwa mfupi, na futi ya kupimia ilimzunguka shingoni kama mkufu wa arusi ambao hakuwahi kuuvua. Jina la Mama Nusu alilipata tangu yuko mwanafunzi wa ushonaji, wenzake wakipima mtu na kusema "thelathini na moja," yeye akisimama kando na kuongeza "na nusu." Mumewe, mkata vitambaa mrefu ambaye wote walimwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa mdomo wake, aliwahakikishia wageni kwamba hata siku ya ndoa, alipoulizwa kama amemkubali, roho ilikuwa juu juu. "Niliogopa atajibu 'nusu.'" Mkalimani akamfasiria fundi, na fundi akacheka kwa kuchelewa kidogo, kama kawaida ya utani uliosafirishwa.

Makasha yalikuwa bado yanafunguliwa dada yake Mkasi alipoingia. Alikuwa mkunga wa hospitali ya pale, mwanamke mkubwa wa kimo na wa mwili, na mafundi wa cherehani walimsalimia kwa furaha ya watu wanaojua kwamba ameingia mtu wa kuchangamsha. Alikuwa amebeba gauni jipya namba nane. Alilitandika mezani na kuwaonyesha kwapa. Mshono ulikuwa umeachia, na si mara ya kwanza. Ulikuwa umeshonwa juu ya mshono na kuachia tena.

Mkasi aliinua macho kutoka kwenye chaki yake. "Dada, hilo gauni halina kosa. Kaiulize sahani yako."

Cherehani zikapunguza mwendo. Kila mtu alisubiri jibu, maana mkunga yule hakuwahi kuachia kibao bila kukirudisha, na mara moja aliwahi kumwambia kaka yake huyohuyo, mbele ya wateja, kwamba yeye ndiye aliyempokea duniani kwa macho na hakuona cha kusifia. Lakini leo hakujibu. Aliinama, akaanza kulikunja gauni.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," Mama Nusu alimwambia mumewe kwa sauti ya chini.

"Usimkemee, wifi," mkunga alisema. "Kasema kweli. Mwili umenishinda." Halafu, polepole, akieleza kama anayesoma faili la mgonjwa mwingine, alisema kwamba wiki ile alinyoosha mikono kumpokea mtoto na kwapa likapasuka, wanafunzi wa uuguzi wakacheka, na mama aliyekuwa kitandani, katikati ya uchungu wake, akamwomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyemvunjia heshima. Msimamizi wa wodi alikuwa ameshauliza kwa upole kama hangependa kuhamia chumba cha mafaili. Jibu lilitakiwa leo, kabla ya zamu ya jioni. "Nitamwambia ndiyo. Kwenye mafaili hakuna wa kunyanyuliwa."

Mkasi, ambaye sasa alikuwa anatafuta mahali pa kuiweka mikono yake, alisema basi atamkatia gauni lake la peke yake, pana, leo leo.

"Sitaki la peke yangu. Hospitali nzima ivae ya kadibodi, mimi niletewe hema?"

Fundi wa mashine alikuwa amesimama na bisibisi mkononi. Lugha hakuijua, lakini nyuso zilimtosha. Aliuliza kuna nini. Mkalimani, kwa adabu ya kazi yake, kwa sababu mambo ya kwapa na aibu si mambo ya kumwagia mgeni, alimjibu kwa maneno machache kwamba gauni linambana.

Mama Nusu aligeuka. "Dada mgeni, wifi yangu kaongea mpaka kachoka. Wewe umetoa kama maneno mawili."

"Nimefupisha."

"Ulichokikata kilikuwa na urefu gani?"

Katika vyumba vyote mkalimani alivyokaa katikati ya watu wawili, alikuwa amekumbana na wakali, walevi na wanasheria, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza habari za masalio. Alimtazama mkunga kumwomba ruhusa. Mkunga akainua mabega, kana kwamba aibu ikishaenea haina tena mipaka. Basi akamwambia fundi yote: mtoto, wanafunzi, yule mama aliyeomba radhi, na chumba cha mafaili.

Fundi aliuliza swali dogo, na safari hii mkalimani alilivusha zima kama lilivyo: ni yeye tu, au ni kila anayevaa namba ile?

Mkunga aliguna. Sasa alipofikiri, yule wa wodi ya watoto, naye ni namba nane, huvaa sweta hata jua likiwaka, na watu husema ana baridi ya mifupa. Mwingine wa maabara huchana kwapa mwenyewe na kulifunga kwa pini. Kuna wa namba saba ambaye ameacha kula mchana. Hawajawahi kulizungumza. Kila mmoja alikuwa na siri yake, na siri ilikuwa ileile.

"Na wa namba moja?" Mama Nusu aliuliza.

"Wale? Linawakaa kama wamemiminwa ndani."

Mama Nusu alivuta futi shingoni. Mkunga akainua mkono, tayari kupimwa, uso umegeukia upande kama mtu anayedungwa sindano. Lakini wifi yake alimpita, akaenda ukutani, akaishusha kadibodi ya mkono wa namba nane. "Mtu mmoja anaweza kunenepa," alisema. "Wote hawawezi kunenepa mkono uleule. Shusha mkono, wifi. Leo linapimwa gauni."

Mkalimani alisogea karibu. Alikuwa anapenda kuangalia mtu anayejua kazi, kwa lugha yoyote ile. Mama Nusu alipima upana wa mkono juu ya kiwiko, mahali nyama inapojaa: thelathini na saba. Akapima namba saba, akapata thelathini na sita. Akaupitia ukoo mzima kurudi nyuma, mpaka namba moja, ambayo ilikuwa thelathini. Kila ndugu alimzidi mdogo wake kwa sentimita moja kamili. Hapo ndipo alipoteremsha miwani kutoka kichwani.

"Moja kamili," alisema. "Mbona miili haikuwa hivyo."

Alijua, kwa sababu miili aliipima yeye. Miaka ya nyuma, walipopata kazi ya hospitali, alikaa kwenye chumba kimoja kule na kuwapima wauguzi wote, mmoja mmoja, na kutoka namba moja kwenda nyingine mkono haukuongezeka sentimita moja. Uliongezeka moja na pointi mbili. Ndiyo maana alijifunza kompyuta, akiwa na umri ambao rika lake lilikuwa linajifunza kubembeleza wajukuu: alitaka chombo cha kutunza hizo pointi mbili. Wanafunzi wenzake darasani walikuwa wanamwita shangazi na kumwazima kalamu.

Alivua kompyuta kifuniko chake na kufungua jedwali. Mkasi alikuja kusimama nyuma yake, na mkalimani nyuma ya Mkasi, akimnong'oneza fundi.

Mwanzoni, alieleza, jedwali lilitunza namba na mikia yake yote ya pointi, ila kwenye skrini lilionyesha namba fupi ili zisomeke. Na hapo ndipo vita vilipoingia nyumbani. Siku moja Mkasi alikuja na karatasi iliyochapwa, nusu ya kifua kwa kitambaa kilichokunjwa, mbele na nyuma, huku ishirini na nne, kule ishirini na nne, na chini yake jumla: arobaini na tisa.

"Nilimuuliza hiyo kompyuta imesomea shule gani," Mkasi alisema, ingawa safari hii bila mbwembwe.

Kompyuta haikuwa imekosea. Kila upande ulikuwa ishirini na nne na pointi nne. Mikia miwili iliyofichwa ilikuwa imekutana kwenye jumla na kujitokeza. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu aliyeshika mkasi, kitambaa kimeshatandikwa na mteja yuko mlangoni. Waligombana, wakanuniana, chakula kikaliwa kimya. Mwisho, kwa ajili ya amani, Mama Nusu aliingiza amri ndani ya kila kisanduku: namba ikatwe mkia hapohapo, iende kwenye nusu sentimita iliyo karibu, kwa sababu rula ya Mkasi ilionyesha nusu na si chini ya hapo. Toka siku ile karatasi hazikugombana tena, wala wao.

Tatizo lilikuwa kwamba katika kiwanda kile kila namba ilizaliwa na iliyoitangulia. Ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake: unalaza kadibodi ya namba moja, unaongeza, unapata mbili; unailaza mbili, unapata tatu. Jedwali alilijenga kwa mazoea hayohayo. Thelathini, ongeza moja na pointi mbili, ni thelathini na moja na pointi mbili. Kata mkia, thelathini na moja. Na tatu haikujua kwamba mama yake alikuwa na mkia. Ilianza pale alipokatiwa mwenzake, nayo ikakatwa. Namba mbili ilipoteza kitu kisichoonekana kwa macho. Namba nane ilikuwa imebeba hasara ya ukoo mzima.

Mama Nusu alihesabu upya chini chini, kutoka namba moja yenyewe, bila kupitia kwa ndugu. Mkono wa namba nane ulipaswa kuwa thelathini na nane na pointi nne; kwa rula ya Mkasi, thelathini na nane na nusu.

Sentimita moja na nusu ni upana wa kidole gumba. Ukizungushiwa mkono ulio uchi si kitu. Ukiupunguza kwenye mkono unaonyanyua wagonjwa, ni kamba.

"Haba na haba," mkunga alisema taratibu.

"Hujaza kibaba," Mama Nusu alimalizia, "na hukikomba vilevile." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, ingawa ilikuwa safi. "Nyani haoni kundule. Nimewanunia watu wa viwanda vingine wanaokata kwa kukisia, kumbe mimi nakisia mara saba."

Mkasi alikohoa. Alisema kwamba yeye ndiye aliyelilia namba safi. Mkewe alikubali kwamba kweli alilia, na sana, lakini vidole vilivyoandika amri ni vyake mwenyewe. Halafu akamwambia awashe pasi, kuna gauni la kushona.

Mkalimani alikuwa anafikiria kitabu kimoja cha maelezo ya pampu alichowahi kukifasiri, ambacho chenyewe kilikuwa kimefasiriwa kutoka tafsiri nyingine. Kila mfasiri alikuwa mwaminifu. Kila mmoja aliacha uzi mmoja tu. Pampu ikafungwa kichwa chini. Alikuwa akisimulia kisa hicho kama kichekesho kwenye vyumba vya kusubiria ndege.

Fundi alikuwa na la kusema. Mashine yake, alisema, haikuogopa mikia. Ingesoma jedwali moja kwa moja na kukata hata robo ya milimita. Zifutwe tu amri zote za kukata, mambo yaishe. Mama Nusu alisikiliza mpaka mwisho wa tafsiri, akamshukuru, na akakataa nusu, kama ilivyotarajiwa. Mashine ingekuja kuharibika, umeme ungekuja kukatika, na siku hiyo Mkasi angeshika rula yake ya nusu nusu kama kawaida. Na anayeshona naye ana macho ya binadamu. "Mkia lazima ukatwe. Ila ukatwe mara moja tu, mlangoni, namba inapotoka kwenda kwenye kitambaa. Ndani ya nyumba itembee nao."

Fundi alipopata maneno hayo aliinamisha kichwa kwa heshima, akavuta stuli na kukaa pembeni yake kuangalia.

Mama Nusu alifanya kazi akiwa amebana midomo. Kila namba aliirudisha kwa namba moja, si kwa jirani yake, na mikia ikarudi kwenye visanduku, mirefu, ikijaza skrini. Pembeni kabisa alifungua safu mpya, ya kuchapwa, na hapo tu ndipo alipoweka amri ya kukata. Vilibaki vile vita vya zamani vya mbele na nyuma. Alivitatua kwa kuikata jumla kwanza, halafu upande wa mbele. Nyuma hakuipa hesabu yake, aliiachia kilichobaki.

"Kwa nini nyuma?" Mkasi aliuliza.

"Mgongo umeumbwa kubeba."

Mkalimani alifasiri hata hilo, na safari hii fundi alicheka kwa wakati.

Mashine ilikuwa bado vipande vipande, kwa hiyo Mkasi alichora kadibodi mpya ya namba nane kwa mkono, akaikata, akatandika kitambaa. Mkunga alisema mara mbili kwamba anachelewa, na mara zote mbili alibaki. Alikuwa anaogopa, mkalimani aliona. Kama gauni hili nalo lingebana, kisingizio cha mwisho kingekuwa kimekwisha, na chumba cha mafaili kingekuwa mahali pake halali. Mshonaji wa karibu na dirisha alipachika mikono, pasi ikapita, gauni likakabidhiwa likiwa bado la moto.

Alivaa nyuma ya pazia. Alipotoka alisimama wima na mikono imebanwa mbavuni, kama mtoto aliyeambiwa asivunje kitu. Hakuna aliyemhimiza. Kisha akainua mkono mmoja. Akainua wa pili. Akainamia jora kubwa la kitambaa lililoegemezwa mezani, akapitisha mikono chini yake jinsi anavyopitisha chini ya mama anayehitaji kugeuzwa, akalinyanyua hadi kifuani, akaligeuza, akalilaza upande wa pili taratibu. Wote walisikiliza. Uzi haukulia.

Mkunga alipumua. Alijitazama kwapa la kulia, akajitazama la kushoto, na ndipo akamgeukia kaka yake.

"Haya," alisema. "Ilete hiyo sahani sasa niiulize."

Kiwanda kizima kiliangua kicheko, na Mkasi alicheka kuliko wote, akijifuta macho kwa kipande cha kitambaa chenye chaki mpaka uso ukawa mweupe.

Mama Nusu hakucheka sana. Alikuwa anakusanya vitu: futi, pini, mfuko mkubwa wa nguo. Mkunga alimwambia apumzike, jibu la msimamizi atalipeleka mwenyewe, na linajulikana. Haendi popote, wodi ya wazazi ndiyo yake.

"Siendi kwa ajili ya msimamizi. Nakwenda kuyarudisha magauni ya watu. Yule wa sweta, yule wa pini." Alitafuta miwani, ambayo ilikuwa kichwani. "Na yule aliyeacha kula. Nataka waambiwe na mimi, kwa mdomo wangu, kwamba halikuwa kosa lao. Nikituma gauni tu watadhani limepanuliwa kwa kuwahurumia."

Mlangoni alimwachia mkalimani maagizo. Fundi asiguse jedwali mpaka arudi. Asaidiwe kutafuta swichi, ni ile iliyofichwa nyuma ya meza ya pasi. Akisikia njaa, ghorofani kuna chakula. "Na akisema refu, mama, usimkatie."

"Simkatii."

Kazi ya mkalimani siku zote ilikuwa kuondoka, mkoba begani, wenyeji wakibaki kupunga mikono. Sasa yeye ndiye aliyebaki dirishani, na nyuzi kwenye soksi. Mawifi wawili walikuwa wamefika ukingo wa barabara, mfupi na mkubwa, wanabishana nani abebe mfuko. Magari hayakuwa yanapungua. Mkunga aliingia hatua moja barabarani na kunyoosha mkono juu, wote, mpaka ncha za vidole, na akauacha huko huko hadi gari la mwisho liliposimama.

Nyuma yake fundi alikuwa ameanza kuuliza kitu, na lilikuwa swali refu. Mkalimani aligeuka kutoka dirishani na kumsikiliza mpaka mwisho.